Mafaili ya X na Mama Mdogo: shajara ya baridi moja Mbeya

Juni 6. Vipindi 2, jumla 2.

Mradi umeanza rasmi. Masharti nimeyaandika nyuma ya karatasi ya mtihani wa mazoezi: The X-Files, tamthilia ya Kimarekani ya maajenti wawili wa FBI, Mulder na Scully, wanaochunguza kesi zisizoelezeka, kuanzia kipindi cha kwanza kabisa cha Septemba 1993 hadi mwisho wa msimu wa tano. Vipindi 117. Vyote 218 siviwezi wala sivitaki. Misimu mitano ya mwanzo ilipigwa Vancouver, kwenye mvua na ukungu, halafu wakahamia Los Angeles kwenye jua, na kwangu mimi utamu uliishia hapo. Mwenye kubisha abishe. Shule inafunguliwa Julai 8, kwa hiyo ni vipindi vitatu na nusu kwa siku, kila kimoja kama dakika arobaini na tano. Nimesahihisha rundo kubwa kuliko hilo kwa muda mfupi zaidi.

Chanzo cha mradi ni mjomba wetu aliyekuwa dereva wa malori ya Lusaka. Nikiwa kidato cha pili, mwaka 1999, alituletea Mwanjelwa mikanda minne ya VHS ambayo mtu alikuwa amerekodi kwenye tivii huko huko, matangazo ya sabuni yakiwa ndani. Vipindi kumi na kimoja, bila mpangilio. Katikati ya maiti na taa za angani anaibuka mama anacheka na shati jeupe. Vingine vilikatwa mwisho kwa sababu mkanda uliisha, na tangu wakati huo kuna watu wawili watatu ambao sijui kama walikufa au walipona.

Safari hii ninavyo kwenye flashi. Kijana wa kibanda cha muvi ameniwekea "sizoni zote, madam, hadi za juzi", na nimemlipa nusu.

Kuna mabadiliko moja kwenye mpango. Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, ameshuka leo kutoka Tukuyu. Ametolewa mtoto wa jicho na atakaa kwangu hadi arudi kliniki. Daktari amesema tivii haina neno, ila maandishi ya chini hayasomi, na Kiingereza cha Wamarekani anasema kinapita kama basi lililochelewa. Alikuwa mkunga miaka thelathini na mbili. Akakaa, akajifunika blanketi mbili, akauliza, "Wanasemaje?"

Basi nimekuwa mtafsiri.

Juni 8. Vipindi 5, jumla 7.

Ugumu wa kutafsiri sikuutegemea. "Ajenti" tumeiacha, Mulder ni afande na Scully ni Daktari, kwa sababu kwenye kipindi cha kwanza tu alifungua jeneza akaanza kupima, na mama mdogo akaridhika naye papo hapo. "Faili" tumesema jalada, kama polisi wetu wanavyosema. Viumbe kutoka sayari nyingine nilijaribu "viumbe wa anga", akaniuliza wana mwili au hawana. Nikasema wanao. Akasema basi si majini, endelea.

Kwenye kipindi cha kwanza gari linazimika barabarani usiku, Mulder anaangalia saa, zimepotea dakika tisa, anarukaruka kwenye mvua kwa furaha. Nikatafsiri kwa mbwembwe zote. Mama mdogo: "Dakika tisa? Basi la asubuhi la Tukuyu linapoteza masaa na hakuna anayeruka."

Wanasema ni Oregon. Mimi naona Isyonje saa kumi na mbili jioni, ukungu umeshuka kutoka Poroto, taa za malori zinakuja kabla ya malori yenyewe.

Jambo la kuandika: kwenye ofisi ya wakubwa kuna mzee amesimama kando ya kabati, anavuta sigara, hasemi neno kipindi kizima. Mama mdogo akamnyooshea kidole. "Huyu nani?" Nikasema tutamwona baadaye. "Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemwuliza. Huyo ndiye mwenye nyumba."

Kipindi cha 7, cha kompyuta ya jengo inayoua watu, kimechuja kabisa. Mama mdogo alilala. Naanzisha kanuni: vilivyolalwa vitahesabiwa kando.

Juni 11. Vipindi 6, jumla 13.

Leo ni kirefu.

Cha 13 ni kile ambacho baba yake Scully anakufa. Kwenye mikanda ya mjomba hakikuwepo, nilikisikia tu kwa watu. Scully amelala kwenye kochi, anafumbua macho, baba yake ameketi kwenye kiti mbele yake. Mdomo unasogea, sauti haitoki. Simu inalia. Ni mama yake: baba amefariki. Anageuka, kiti kitupu.

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kutafsiri maneno ya simu. Mama mdogo akaniwekea mkono gotini. "Hiyo usitafsiri."

Tukaangalia kimya hadi mwisho, mimi sisemi, yeye haulizi. Ndicho kipindi ambacho mambo yanageuka: mfungwa aliyehukumiwa kifo anadai anasikia wafu, Mulder, mwenye kuamini kila kitu, anakataa, na Scully, mwenye kukataa kila kitu, anataka kuamini kwa sababu tu anataka kusikia baba yake alikuwa anasema nini. Mwishoni anapewa nafasi ya kusikia na haendi.

Baadaye, nikimtia matone jichoni, akasema amesimama kwenye vitanda vya watu wengi. Wengine huongea na mtu aliye nyuma yako. Unajifunza kutogeuka. Kisha akataka chai.

Usingizi ulichelewa, nikawa nawaza hivi. Tamthilia nzima imejengwa juu ya mtu mmoja anayeamini katikati ya ofisi isiyoamini, ndiyo maana wamemtupa chumba cha chini na kumpa jina la utani. Utotoni nilimhurumia. Sasa nimefundisha kemia miaka kumi na minane hapa Mbeya, na kwetu mambo yako kinyume. Mwanafunzi akianguka paredi, kabla sijauliza amekula nini, nusu ya walimu wameshajua jirani gani amemtupia. Huyo Mulder angekuja kwetu angepewa kiti cha mbele na soda. Wa kupelekwa chumba cha chini ni Scully, na karatasi zake, na swali lake la "amekula nini".

Juni 13. Vipindi 7, jumla 20.

Cha 20: wakata miti wamepotea msituni, mti wa miaka mamia umekatwa kinyemela, ndani yake walilala wadudu wadogo wa kijani, sasa wametoka. Wanakuja na giza. Taa ikiwaka hawasogei, na jenereta lina mafuta kidogo. Wanne wamekaa chini ya balbu moja inayofifia.

Sitatia chumvi: umeme ulikatika kweli jana usiku huo huo, lakini kipindi kilikuwa kimekwisha kama dakika kumi kabla. Nilijuta. Ingekuwa wakati wa balbu ningeisimulia hadi uzeeni.

Tulikaa gizani na mshumaa. Mama mdogo akaanza habari za mwanawe wa pili aliye kwenye mbao huko Mafinga, kwenye mipaini ya Sao Hill. Mipaini haina hatia, anasema, imepandwa juzi kwa mstari, haijapata muda wa kuweka siri. Msitu wa Rungwe ni mwingine. Halafu akaniuliza swali ambalo nimeona analiuliza kila kipindi, limekuwa kama kibwagizo: "Na huyo aliyekata ule mti, nani alimlipa?"

Juni 16. Jumla 28.

Msimu wa pili. Majalada yamefungwa, wametenganishwa, Scully anafundisha chuoni. Tumeona jitu-mnyoo la kwenye mabomba ya maji machafu. Mama mdogo hakutishika, ameona minyoo.

Kwenye kipindi cha nne akavua miwani yake myeusi na kusogea karibu na skrini hadi nikaogopa kwa ajili ya jicho. "Rudisha nyuma." Nikarudisha. Scully ameketi mezani, koti kubwa, faili kifuani. "Rudisha tena. Hapo. Tazama anavyoinuka kwenye kiti, anaanza na mkono." Akaegemea nyuma. "Miezi saba, labda inaingia ya nane. Kwa nini wanamficha?"

Ni kweli. Gillian Anderson, mwigizaji wa Scully, alijifungua Septemba 1994, na vipindi hivi walivipiga akiwa mzito: makoti, madawati, kamera inaanzia kifuani. Nilisoma habari hizo zamani nikafikiri mimi ni mjuzi. Yeye ameziona bila kuambiwa, kwa jicho moja, lenye matone.

Juni 17. Hitilafu.

Kipindi cha 6 hakifunguki. Scully ametekwa mwisho wa cha 5, na jalada lenye majibu ni bovu. Nimekwenda kibandani. Kijana amelaumu flashi yangu, mimi nimelaumu kompyuta yake, nusu iliyobaki haijalipwa. Tumeruka.

Sasa kinachofuata ambacho Scully yumo: kipindi cha 8, amelala hospitali, hana fahamu, hakuna anayejua nani amemrudisha. Ni mwembamba. Mama mdogo alikaa wima.

"Mtoto wake yuko wapi?"

Nikaeleza: mwigizaji alijifungua, ndiyo sababu ya kutekwa, walihitaji apumzike.

"Sikuulizi wa nyumbani kwake. Nakuuliza wa kwenye tivii. Aliondoka na tumbo, amerudi bila tumbo. Wamempeleka wapi mtoto?"

Nikasema kwenye hadithi hakuwa na mimba. Akanitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama wasichana waliokuwa wakimwambia hivyo hivyo.

Juni 23. Jumla 52.

Wiki ilikuwa ya mbio, sina la kuandika juu ya vipindi ishirini. Baridi imekaza, asubuhi nyasi za Uyole nyeupe, makande yanachemka tangu saa nne, na nyumba nzima inanuka kitunguu na mafuta ya taa.

Ila cha leo, cha nne cha msimu wa tatu. Mzee anauza bima ya maisha na ana balaa moja: akimtazama mtu anaona atakavyokufa. Peter Boyle aliyemwigiza alipata tuzo ya Emmy kwa kipindi hiki, na Darin Morgan aliyekiandika akapata yake. Ndicho bora kuliko vyote, nasema wazi. Hakuna anayekimbizwa msituni. Ni mtu amechoka kujua.

Mama mdogo alicheka tangu pale aliposikia kazi yake. "Anajua siku yako, halafu anakuuzia bima!" Mwishoni hakucheka. Scully anabaki na kambwa kadogo ka jirani aliyekufa, na mama mdogo akaniagiza nikaandike hako kambwa, anataka kujua kitakachokapata.

Juni 30. Jumla 70.

Kambwa kameliwa. Kipindi cha 22. Nilijua na sikusema.

Ni kile cha ziwani: watu wanatoweka, wenyeji wanasema kuna mnyama mkubwa majini, Mulder anaamini, Scully hataki. Mulder anaishia kumpiga risasi mamba wa Kimarekani. Anageuka, anaondoka akiwa mnyonge, na nyuma yake, kwenye mbalamwezi, kitu kikubwa kinapita juu ya maji. Hakuna aliyekiona isipokuwa sisi.

Nilitegemea mama mdogo atataja Ziwa Ngozi, maana hakuna aliyekulia Rungwe asiye na hadithi ya Ngozi. Hakulitaja. Alisema, "Kama kipunji."

Na hapo amenishika, maana jambo hili nalifundisha darasani na sikuliunganisha. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakiwaambia watafiti kuna nyani wa aibu huko juu Rungwe, anaitwa kipunji, ana mlio wa pekee. Watafiti wakasita. Wazee wa Kinyakyusa wana hadithi za wanyama waliopo na za wanyama wasiokuwepo, na msimuliaji hakutenganishii. Mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2004 wengine wakamwona Udzungwa, bila kujua habari za wale wa Rungwe. Akatangazwa 2005, na mwaka uliofuata ikaonekana hafanani vya kutosha na nyani yeyote anayejulikana, akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jenasi mpya ya nyani Afrika ilikuwa haijapatikana tangu 1923.

"Kwa hiyo Mulder alikuwa sahihi," nikasema, kidogo kwa kinyongo.

"Wawindaji walikuwa sahihi. Yeye angefika amechelewa kama wale wengine." Akaongeza kwamba baba yake alishawahi kumtaja kipunji, na pia alitaja nyoka mwenye taa kichwani, na huyo bado hajatangazwa.

Julai 2. Jumla 74.

Msimu wa nne. Cha pili nimekiruka kwa makusudi. Ni cha familia ya shambani, kibaya kwa namna ambayo sitaki kukitafsiri kwa mtu aliyezalisha watoto wa watu. Yeye hakujua na mimi sikumwambia.

Cha tatu nilikiacha kicheze kwa uvivu wa kusoma orodha. Wanaume weusi wanatoweka Philadelphia, maiti zao zinaokotwa zimekuwa nyeupe, rangi yote imetoka. Muuaji ametoka Burkina Faso, anachukua kitu ndani ya miili yao ili aishi. Walipokipiga mwaka 1996 bila shaka walidhani wamepata zimwi la Kiafrika la kutosha kwa Ijumaa moja. Kwanza ni kipindi kibovu, Afrika yao ni ngoma na mbegu yenye miiba. Pili, sisi tumekaa Mbeya tunakitazama.

Miaka ile ile ya mikanda ya mjomba ndiyo ilikuwa miaka ya wachuna ngozi huku kwetu, waliokuwa wakiua watu na kuuza ngozi zao. Tulikuwa tukitoka shule kwa makundi, na baba alikuwa anatusubiri barabarani na tochi saa kumi na mbili kamili. Halafu, kuanzia 2007, nchi nzima ikasikia ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Nina mwanafunzi mmoja sasa hivi, kidato cha tatu, hodari wa hesabu za mole, ambaye mama yake anamsindikiza hadi getini na kumngoja hapo hapo, na ana miaka kumi na sita.

Niliacha kutafsiri katikati, safari hii kwa hiari yangu. Mama mdogo akazima mwenyewe.

"Hawa wanatafuta zimwi," akasema. "Wale wa kwetu walikuwa na bei. Hakuna zimwi lenye bei." Halafu kwa sauti ya kawaida, kama anauliza chumvi: "Na kwenye hiki hawakusema nani alilipa."

Hatukuangalia kingine usiku huo.

Julai 4. Jumla 78.

Kipindi kizima cha mzee wa sigara, maisha yake tangu ujana. Inaonekana alikuwa anaandika riwaya kwa siri na wachapishaji wanamrudishia. Mama mdogo alifurahi kupita kiasi. Nilimwambia mwigizaji wake, William B. Davis, alikuwa ameshaacha sigara kitambo, walimpa za mitishamba. "Afadhali. Kuna kitu kimoja hakijamshinda."

Julai 5 na 6. Jumla 79.

Cha nane: jiwe kutoka angani, ndani yake mafuta meusi yanayotembea, yanamwingia mtu machoni. Nikaona hii ndiyo nafasi. Jumapili tukapanda gari la Tunduma, tukashuka kabla ya Vwawa, bodaboda mbili hadi kwenye kimondo cha Mbozi.

Nilikuwa sijakiona tangu safari ya shule. Urefu kama mita tatu, tani kumi na kitu, chuma na nikeli, kimelala pale kama kiboko aliyechoka. Mpima ardhi mmoja, Nott, ndiye aliyekiandika mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wanakijua siku zote. Shimo la kuangukia halionekani.

Mama mdogo alikizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama daktari mkuu anayepita wodini. Akavua glavu. Akakiwekea kiganja, si kwa kugusa tu, alikituliza hapo, kwenye kibonyeo kilicholainika, na akangoja. Mimi nikawa natazama macho yake bila kupenda.

"Baridi," akasema. "Halafu kizito. Kinajisikia kizito hata bila kukiinua." Akafuta mkono kwenye kitenge. "Mafuta hakina."

Julai 7.

Amerudi Tukuyu. Kliniki imemruhusu. Hesabu ya mwisho: vipindi 79 vilivyochezwa, 8 vililalwa, 71 halali. Mpango ulikuwa 117. Flashi ameondoka nayo, hakuniuliza, niliiona ikiingia kwenye mkoba pamoja na chupa ya matone. Kesho shule.

Julai 20.

Simu ya jioni kutoka Tukuyu. Si yeye, ni mjukuu wake wa darasa la sita. Nyuma nasikia ule muziki wa kupiga mluzi na watoto wananyamazishana. Bibi anawatafsiria.

"Mama mkubwa, eti yule mkunga mwenye nywele nyekundu, ni kweli mtoto wake alichukuliwa na mzee wa sigara?"

Nikasema si mkunga, ni daktari. Halafu nikakwama. Kwenye msimu wa 11, wa mwaka 2018, mzee wa sigara anadai kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mtoto wa Scully ni kazi ya mkono wake. Nilikisoma tu, sijakiona. Mama mdogo amefika msimu wa nne, na huko mbele sijamsimulia hata neno.

"Mwulize bibi amejuaje."

Simu ikawekwa chini, zikasikika hatua, zikarudi.

"Anasema si mlimwona wote siku ya kwanza, amesimama pale kwenye kabati na hakuna aliyemwita."